Boksi la mayai lilivyozaliwa British Columbia
Tangu nihamie British Columbia, jimbo la Kanada, nimekuwa nikinunua mayai kwa dazeni, yakiwa katika boksi la karatasi ngumu, na juzi tu nimesoma kwamba boksi hilo lilibuniwa katika jimbo hili hili na Joseph Coyle, mchapishaji wa gazeti katika Bonde la Bulkley. Mwaka 1911 mkulima na mwenye hoteli walikuwa wakigombana kuhusu mayai yaliyofika yamevunjika, naye Coyle akabuni boksi ambalo kila yai lina kijumba chake, hivyo mayai hayagongani njiani. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakuwa mfuga kuku, bali mtu wa magazeti, aliyeishika karatasi kila siku. Mwanzoni maboksi yalitengenezwa kwa mkono. Mashine zilifuata baadaye.