Meya asiyepita kwenye debe

Mwambie mtu wa Kampala au Mbale kwamba Ahmed Aboutaleb aliongoza Rotterdam, jiji la watu zaidi ya laki sita, kwa karibu miaka 16, na kwamba hakuna mkazi wa kawaida hata mmoja wa jiji hilo aliyewahi kumpigia kura ili awe meya. Atakuuliza: basi nani alimweka? Ukijibu "Malkia", umempoteza kabisa.

Kwetu Uganda meya ni mtu wa mabango na vipaza sauti juu ya gari. Meya wa Uholanzi yuko karibu zaidi na RDC, yule mwakilishi wa Rais wilayani: kazi yake kubwa ni usalama, na barua yake ya uteuzi inatoka juu. Lakini ni RDC wa ajabu kidogo, kwani yeye pia ndiye anayeendesha vikao vya baraza, kazi ambayo kwetu ni ya spika wa baraza, na ndiye mwenyekiti wa kamati tendaji ya jiji. Barazani hana kura. Kwenye kamati tendaji anayo, na kura zikilingana, yake ndiyo inayoamua.

Utaratibu wa kumpata ni huu. Kiti kinapobaki wazi, madiwani huandika sifa za meya wanayemtaka. Nafasi inatangazwa, na wanaoitaka wanaandika barua kwa Kamishna wa Mfalme wa mkoa, ambao kwa Rotterdam ni Zuid-Holland. Kamishna anachuja, kisha kamati ya siri ya madiwani inawasaili waombaji. Baraza zima linakutana milango ikiwa imefungwa na kupanga majina mawili. La kwanza hutangazwa, la pili hubaki siri. Pendekezo linakwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye ni nadra sana kuligeuza, na mwisho ndipo inapokuja sahihi ya Mfalme, au ya Malkia Beatrix wakati ule wa 2008. Muhula ni miaka 6, na baraza linaweza kupendekeza aongezewe mwingine.

Mambo huharibika kwenye siri. Mwombaji anaweza kuwa meya wa mji mwingine au waziri aliye kazini. Jina likivuja, huko alipo wanamwona kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Ndiyo maana kuvujisha ni kosa la jinai, na diwani anaweza kujikuta akihojiwa kwa maneno aliyoyatoa kwenye simu.

Wapo waliotaka kuubadilisha mfumo huu. Machi 2005 mpango wa kufungua njia ya meya wa kuchaguliwa na wananchi uliangushwa usiku katika Seneti, waliouzuia wakiwa maseneta wa PvdA, chama cha Leba, chini ya Ed van Thijn, ambaye zamani alikuwa meya wa Amsterdam. Waziri Thom de Graaf, aliyeusimamia mpango huo, akajiuzulu. Miaka miwili baadaye akawa meya wa Nijmegen, kwa kuteuliwa. Mwaka 2018 kifungu cha uteuzi kiliondolewa kwenye Katiba, lakini sheria ya kawaida haijabadilika, kwa hiyo barua bado zinakwenda kwa Kamishna.

Sasa Aboutaleb mwenyewe. Alizaliwa 1961 Beni Sidel, kaskazini mwa Moroko, mtoto wa imamu, na akafika Uholanzi akiwa na miaka 15. Alisomea uhandisi wa mawasiliano, akafanya kazi ya uandishi wa habari, akawa msemaji wa taasisi za umma, kisha ofisa wa jiji la Amsterdam. Mapema 2004 Rob Oudkerk alipojiuzulu kutoka kamati tendaji ya jiji hilo, PvdA ikampa Aboutaleb nafasi hiyo: wethouder.

Neno hili watu hulitafsiri "diwani", na hapo wanakosea. Wethouder ni kama waziri wa jiji. Anachaguliwa na madiwani, kwa karatasi na kwa siri, na tangu 2002 haruhusiwi kubaki diwani; akitoka barazani, anaachia kiti. Anaweza pia kuletwa kutoka nje, na Aboutaleb aliingia hivyo: alikuwa mtumishi wa jiji, kesho yake kiongozi wa kisiasa, bila uchaguzi katikati. Baraza lenye viti 45, kama la Rotterdam, linaweza kuwa na wethouder 9 wa muda wote. Wakipoteza imani ya madiwani wanaondoka. Hakuna cha kusubiri miaka minne.

Yeye alipewa elimu, vijana na mambo ya jamii. Novemba 2 mwaka huohuo mtengenezaji filamu Theo van Gogh aliuawa na Mwislamu mwenye msimamo mkali barabarani mjini Amsterdam, na wethouder wa elimu akajikuta anazunguka misikitini akisema kwa ukali kwamba asiyekubali misingi ya nchi ile atafute pa kwenda. Meya Job Cohen alitumia lugha laini zaidi. Wawili hao walihitajiana.

Februari 2007 alipanda serikali kuu, naibu waziri wa Mambo ya Jamii na Ajira. Msomaji wa Uganda aangalie jambo moja hapa: Uholanzi huwezi kuwa waziri na mbunge kwa pamoja. Hakuna waziri anayekimbilia jimboni Jumamosi kuchangia harambee. Naibu waziri hata kwenye baraza la mawaziri haingii mpaka aitwe, na akiitwa hapigi kura. Geert Wilders, mbunge mpinzani wa uhamiaji, alitaka aondolewe kwa kuwa na pasipoti mbili, ya Uholanzi na ya Moroko, Bunge likakataa. Desemba 2008 aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Jetta Klijnsma, wethouder wa Den Haag. Ngazi ni ileile, watu wanapishana tu.

Januari 5, 2009 akaanza kazi Rotterdam. Leefbaar Rotterdam, chama kilichopata nguvu mwaka 2002 kupitia Pim Fortuyn, mwanasiasa aliyepinga uhamiaji, kilimpinga kwa sababu ya pasipoti zilezile. Hata hivyo meya hutawala kwa zana, na zana zake ni kali. Anaweza kufunga nyumba inamouzwa dawa za kulevya. Baraza likimruhusu, anatenga eneo ambalo polisi wanapekua watu bila kuwashuku, ingawa amri ya upekuzi wenyewe hutoka kwa mwendesha mashtaka. Katika ghasia anatoa amri ya dharura, na akitunga kanuni ya dharura lazima baraza liithibitishe kwenye kikao kinachofuata, la sivyo inakufa.

Machi 11, 2017 zana hizo zilionekana. Serikali ya Uholanzi ilikuwa imezuia ndege ya waziri wa mambo ya nje wa Uturuki, aliyetaka kuwahutubia Waturuki wa huko kuhusu kura ya maoni ya nchi yao. Waziri mwingine, Fatma Betül Sayan Kaya, akaja kwa gari kutoka Ujerumani hadi ubalozi mdogo wa Uturuki Rotterdam. Umati ukajaa barabarani. Aboutaleb akatoa amri ya dharura, polisi wakamzuia waziri asiingie, na usiku wa manane akasindikizwa mpaka mpakani. Baadaye Aboutaleb alisema wazi kwamba konsuli wa Uturuki alimdanganya kuhusu ujio huo. Uamuzi wa diplomasia ulikuwa wa serikali kuu, lakini barabara ilikuwa ya meya.

Alipewa muhula wa pili 2015 na wa tatu 2021, akaondoka Oktoba 2024 kabla haujaisha. Aliyemrithi ni Carola Schouten, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu, kutoka ChristenUnie, chama ambacho Rotterdam ni kidogo sana.