Filimbi ya Dakika ya Kwanza

Kila mwaka, majuma machache kabla ya msimu wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari kuanza mwezi Novemba, sisi marefa wa hapa Ohio hupokea kitabu kipya cha sheria kutoka kwa shirikisho la kitaifa la michezo ya shule za sekondari, ambalo Wamarekani hulitaja kwa herufi zake, NFHS. Makao yake yako Indianapolis, na kitabu chake ndicho kinachofuatwa na vyama vya michezo vya majimbo mengi. Wenzangu wengi hufungua kwanza ukurasa wa mabadiliko. Mimi huanzia kwenye kurasa za mambo ya kutiliwa mkazo, yaani yale ambayo kamati inatukumbusha kwamba sheria yake ipo tangu zamani ila hatuisimamii inavyopasa.

Nilijifunza mchezo huu nikiwa mwanafunzi Tanga, kwenye uwanja wa saruji ambao saa nane mchana ulikuwa ukiunguza nyayo hata ukiwa umevaa raba. Tulicheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, na nilipokuja kuanza urefa katika nchi hii jambo lililonitatiza kuliko yote lilikuwa hesabu ya faulo za timu. Kwetu, timu ikishafanya faulo nne katika robo moja, kuanzia ya tano mpinzani hupewa mitupo miwili huru, yaani ya kurusha kikapuni bila kuzuiwa, na robo mpya ikianza hesabu hurudi sifuri. Hapa faulo zilihesabiwa kwa nusu nzima ya mchezo: ikifika ya saba, aliyechezewa vibaya alipewa mtupo mmoja, na alipata wa pili endapo tu aliufunga ule wa kwanza, ikifika ya kumi, mitupo ikawa miwili bila masharti. Nimeona wanafunzi wanaoandika matokeo mezani wakichanganyikiwa juu ya hesabu hiyo, makocha wakiwainamia, na mimi nikisimama katikati na mpira kwapani nikisubiri jibu.

Kuanzia msimu wa 2023-24 utaratibu huo wa mtupo wa masharti uliondolewa. Sasa ni faulo ya tano ya robo, mitupo miwili, na kila robo ya dakika nane inaanza upya, kama kwa FIBA. Wengi walidhani kamati ilitaka tu kurahisisha mambo, lakini sababu iliyonigusa zaidi ni nyingine. Kamati ilizingatia takwimu zilizoonyesha kwamba majeraha hutokea zaidi pale wachezaji wanapogombea mpira uliokosa kuingia, na mtupo wa kwanza wa masharti ulizalisha ugomvi wa namna hiyo kila ulipokosa. Yeyote aliyewahi kusimama chini ya ringi na kuona vijana sita wakirukiana, viwiko vikiwa usawa wa meno, anaelewa kwa nini ni busara kuzipunguza nafasi hizo. Mtupo wa kwanza kati ya miwili ukikosa, hakuna anayeruka.

Msimu huohuo ulileta pia utaratibu mpya wa kurusha mpira kutoka nje. Timu yenye mpira katika nusu ya mashambulizi ikifanyiwa kosa lisiloleta mitupo, mpira hurushwa kutoka mojawapo ya sehemu nne zilizowekwa: mbili pembeni, futi 28 kutoka mstari wa nyuma, na mbili kwenye mstari wa nyuma wenyewe, futi tatu nje ya eneo la mitupo huru. Zamani tulikadiria kwa macho mahali palipo karibu na kosa, na kila refa alikuwa na kadirio lake. Kwa msimu wa 2025-26 likaja la ubao: mpira uliorushwa kikapuni ukishagusa ubao huhesabiwa kuwa unashuka, na unaoshuka mlinzi haruhusiwi kuugusa, kwa hiyo akiupiga wakati ungali juu ya usawa wa ringi na una uwezekano wa kuingia, pointi zinahesabiwa. Hapo awali tulilazimika kuamua kwa kufumba na kufumbua kama mpira ulioguswa kwenye ubao ulikuwa bado unapanda. Hakuna jicho la binadamu lililoweza kuliona hilo kwa uhakika kila mara.

Nayapenda mabadiliko haya yote kwa sababu yanampunguzia mwamuzi kubahatisha. Lakini mchezo wa shule hauharibikii hapo. Unaharibikia kwenye nyonga ya mtoto anayepandisha mpira.

Tangu msimu wa 2014-15 kitabu kimetaja wazi vitendo vinne ambavyo ni faulo vikifanywa dhidi ya mchezaji anayedunda mpira: kumwekea mikono miwili, kumzuia kwa kigasha, kumwekea mkono na kuuacha hapohapo, na kumgusa zaidi ya mara moja, iwe kwa mkono uleule au kwa kupokezanya. Havihitaji tafsiri, wala havihitaji kuuliza kama mchezaji alipoteza mwelekeo. Mlinzi akiweka kiganja nyongani na kukiacha, ni faulo. Hata hivyo jambo hili limerudi mara kwa mara kwenye orodha ya kutiliwa mkazo, na jambo likirudiwa hivyo ujue halitekelezwi.

Najua kwa nini halitekelezwi, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wa wasiolitekeleza. Ilikuwa mechi ya wasichana, jioni ya Januari yenye theluji, mashabiki wachache. Timu ya wageni ilikuwa na msichana mdogo wa umbo anayepandisha mpira kwa mkono wa kushoto, na mlinzi wake alikuwa mrefu na mwenye nguvu. Mara ya kwanza walipovuka mstari wa kati nilikiona kiganja cha mlinzi kimelala kwenye nyonga ya yule msichana, vidole vimekunjika kidogo juu ya ukanda wa bukta, kikimsogeza kuelekea pembeni taratibu kama mtu anayeongoza toroli. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, na filimbi ilikuwa mdomoni. Nikajiambia kwamba mchezo ndio kwanza umeanza, tuwaache wacheze. Nikakiona tena, na tena. Kufikia robo ya tatu kiganja kimekuwa kigasha, kigasha kimekuwa kifua, na yule msichana alikuwa akigeuka na kuuficha mpira kwa mgongo kila alipovuka katikati. Hapo ndipo nilipopuliza. Kocha wa upande wa mlinzi hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwamuzi, kimebadilika nini?"

Sikuwa na jibu la haki la kumpa. Hakuna kilichokuwa kimebadilika isipokuwa mimi. Alichokuwa akikifanya mlinzi wake katika robo ya tatu nilikuwa nimekiruhusu katika ya kwanza, na yeye, kama mtoto yeyote mwenye akili, alijifunza kutoka kwangu mpaka uko wapi. Msichana aliyeonewa naye alikuwa amejifunza somo lake, kwamba asitarajie msaada wa filimbi. Sheria ni msumeno, tunasema, lakini msumeno unaokata baada ya mapumziko tu huwaumiza wa pande zote mbili. Nimeikumbuka jioni hiyo kuliko makosa yangu mengine yote, pengine kwa sababu hakuna aliyenitukana.

Ndiyo maana nasema kwamba mabadiliko ya sheria yana faida pale tu usimamizi wake unapokuwa uleule kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na kutoka mechi ya Novemba hadi ya Machi. Mfano mchungu zaidi ninaoujua haukutokea kwangu. Machi 2017, katika jimbo la Maryland, msichana mmoja Mwislamu alikalishwa benchi katika fainali ya kanda kwa sababu ya hijabu yake. Sheria ya wakati huo ilitaka mchezaji awe na barua ya kibali kutoka chama cha jimbo, na timu yake haikuwa nayo. Lakini msimu huo alikuwa amekwisha kucheza akiwa na hijabu hiyohiyo, na hakuna refa aliyeuliza habari ya barua. Sheria ililala mechi baada ya mechi, ikaamka siku ya fainali. Mwaka huohuo FIBA iliruhusu vazi la kichwa katika mashindano yake, na baadaye NFHS nayo ikaondoa sharti la kibali. Mimi niliyekulia mwambao, ambako dada zangu walicheza netiboli wamevaa ushungi bila mtu yeyote kuona ajabu, nililipokea badiliko hilo kwa furaha kubwa. Hata hivyo namfikiria yule mtoto pale benchini kwanza, kwa kuwa kilichomuumiza kilikuwa sheria mbaya pamoja na usimamizi wa kubahatisha, na sheria mpya imeponya la kwanza tu.

Kuna badiliko moja la karibuni linalohitaji moyo zaidi kuliko macho, nalo ni la kujiangusha. Hadi 2023-24, mchezaji aliyejifanya amechezewa faulo alistahili faulo ya ufundi moja kwa moja, yaani mitupo miwili na mpira kwa mpinzani. Adhabu ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba marefa waliogopa kuitoa, na vijana wakaendelea kuanguka kama waliopigwa risasi. Kuanzia 2024-25, kosa la kwanza huleta onyo kwa timu nzima, na yanayofuata, yafanywe na mchezaji yeyote wa timu hiyo, huleta faulo ya ufundi ya timu. Naliona kuwa badiliko la hekima. Adhabu nyepesi inayotolewa humfundisha mtoto kuliko adhabu nzito inayoogopwa na anayeitoa. Nimetoa onyo hilo mapema, na nimeona kocha akimwita mchezaji wake na kumnong'oneza, na jambo likaisha hapo kwa jioni nzima.

Kuhusu saa ya sekunde 35, yaani muda ambao timu yenye mpira inatakiwa iwe imerusha kikapuni, ambayo majimbo yameruhusiwa kuiweka tangu msimu wa 2022-23, sina mengi. Ni nzuri kwa mchezo, ila inahitaji vifaa na mtu makini wa kuiendesha mezani, na shule nyingi ndogo humtegemea mwalimu aliyekwisha fundisha tangu asubuhi.

Suala la tabia za makocha na wazazi ni zito zaidi, na kamati haichoki kulirudia. Tangu 2017 kocha ana nafasi ya futi 28 ya kusimama na kutembea mbele ya benchi lake, mara mbili ya ile ya awali, na wengi huitumia vizuri kuwafundisha vijana wao. Wachache huitumia kumfuata refa. Shirikisho lilitangaza kwamba takriban marefa 50,000 wa michezo yote ya shule waliacha kazi baada ya msimu wa 2018-19, na ingawa janga la korona lilichangia, matusi kutoka majukwaani na benchini yametajwa tena na tena. Katika kundi letu kuna kijana aliyeanza akiwa na miaka kumi na tisa, mwenye jicho zuri kuliko langu, akaacha kabla ya Krismasi. Mimi mkubwa wake nilikuwa mwenzake uwanjani usiku ule baba mmoja alipomfokea kipindi chote cha pili, na sikumwendea msimamizi wa mechi kumwomba amtoe mtu yule ukumbini. Uwezo huo tunao, na nilikuwa nao.

Siku hizi, kabla ya kila mechi, tukiwa chumba cha kubadilishia nguo, namwambia mwenzangu mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba anayetukanwa si yeye peke yake, hivyo mmoja akiguswa sote tunasimamisha mchezo. La pili ni kiganja nyongani: tutakipuliza kikitokea mara ya kwanza, hata kama ni shambulizi la kwanza la jioni.

Mwezi uliopita wa Februari nilipangiwa tena timu ya yule msichana wa mkono wa kushoto. Sasa alikuwa mwaka wake wa mwisho wa shule, na mbele yake alisimama mlinzi mwingine, mwenye mabega mapana. Akavuka mstari wa kati, kiganja kikaja, kikakaa. Nikapuliza, nikaonyesha ishara, nikamtajia mwandishi wa mezani namba ya mlinzi. Jukwaa likaguna kwamba ni mapema mno. Mlinzi aliitazama mikono yake, akaishusha, akarudi nyuma hatua moja. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika 7 na sekunde 41 katika robo ya kwanza.