Kioo cha kabati na kaburi la mwaka 1313

Mtu wa kwanza niliyemwomba ushauri wa kupiga picha makaburi ya zamani aliniambia nibebe brashi ya waya na chaki. Brashi ya kusugulia jiwe, chaki ya kupaka herufi zipate kuonekana. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha piga picha makaburi mia, nami nikamwamini. Naandika haya hasa kwa sababu yake, maana ushauri huo bado unazunguka, na kila anayeufuata anaimalizia mvua na chumvi ya bahari kazi yao.

Naishi Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nina baiskeli na simu ya kawaida. Mwaka wa tatu sasa napiga picha vitu ambavyo watu wa mjini tunavipita kila siku bila kuvitazama, na makaburi ya zamani, kwa kuwa huku kwetu kaburi halingoji uende makaburini. Liko uani, liko katikati ya nyumba mbili, liko nyuma ya genge la mboga.

Kaburi lililonifunza ni la ukoo mmoja nje kidogo ya mji, ndani ya shamba la minazi. Limejengwa kwa matumbawe na lipu ya chokaa, na kwenye ukuta wake wa kusini kuna kibao cha maandishi ya Kiarabu kilichofunikwa na ukungu mweusi. Mzee wa ukoo aliniruhusu nipige. Nikatoa brashi. Mkono wa kwanza, vumbi. Mkono wa pili, vumbi. Mkono wa tatu kipande cha lipu kikatoka, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na juu yake nukta mbili za herufi zilizochongwa. Nilikiokota nikakiweka kiganjani na miguu ikaniisha nguvu. Chokaa ile ilipakwa na fundi aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa, imevumilia kusi na kaskazi zote hizo, mimi nimeiangusha kwa dakika moja.

Sikukificha. Nilimpelekea mzee. Alikitazama, akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni mwa kanzu.

"Mwanangu," akasema, "kaburi halisuguliwi. Ukitaka kusoma, soma."

Brashi niliitupa siku ileile. Chaki nayo sijaigusa tena, na si kwa sababu ya uchafu tu. Ukipaka chaki kwenye herufi iliyolika, mkono wako unafuata unachodhani kipo, na anayekuja baada yako anasoma dhana yako akifikiri anasoma jiwe. Wapo wanaopendekeza povu la kunyolea. Povu linaingia kwenye vitundu vya jiwe na kemikali zake zinabaki humo. Achaneni nalo.

Kilichobaki ni jua, na jua lina taratibu zake. Likipiga jiwe usoni, maandishi yanalala yasionekane. Ndiyo maana picha za saa sita mchana, na za flashi, hutoka kama ukuta mtupu. Likipita ubavuni, kila mchongo unatupa kivuli chake na herufi inasimama. Sisi wa pwani hii tuna bahati moja. Kibla chetu kiko kaskazini, kwa hiyo makaburi ya Kiislamu hulala mashariki na magharibi, na uso wa nje wa shahidi la kichwani, yaani lile jiwe linalosimamishwa upande wa kichwa, hutazama mashariki. Ukitaka mwanga wa ubavuni hapo usiende alfajiri, jua litakuwa limelikabili moja kwa moja. Ngoja lipande kiasi, saa nne au saa tano, lianze kuteleza juu ya jiwe kutoka juu.

Lakini kibao changu kilikuwa kusini, na nilirudi Juni. Juni jua letu linapita upande wa kaskazini tangu linachomoza hadi linazama, kwa hiyo ukuta wa kusini haupati hata mwale mmoja. Nilikwenda mara tatu. Asubuhi, kivuli. Adhuhuri, kivuli. Jioni, kivuli na mbu. Ningeweza kungoja hadi Desemba, jua likihamia kusini. Sikuweza kungoja.

Jibu nililipata kwa fundi seremala. Alikuwa ameegemeza mlango wa kabati la nguo nje ya fremu yake, ule wenye kioo kirefu, na kioo kile kilikuwa kimerusha jua ng'ambo ya barabara hadi kwenye ukuta wa duka lililomo kivulini. Kila tundu la ukuta ule, kila mkwaruzo, kila mstari wa mwiko wa fundi ulikuwa umejichora. Nilisimama pale na baiskeli yangu mpaka wenye bajaji wakanipigia honi. Nikamuuliza kama ana kioo kingine. Akanipa cha kabati bovu, pembe moja imepasuka, kwa elfu tano au sita hivi, sikumbuki sawasawa. Nilikizungushia kanga mbili kuukuu, nikakifunga kwenye keria kwa mpira.

Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka kama kumi, ndiye aliyekishika. Tulianza vibaya: alisimama mbele ya kibao akakimulika usoni, na kikawa kitupu kama kawaida. Nikamsogeza magharibi hatua nne, karibu sana na msitari wa ukuta, mwanga upite ukilamba jiwe. Nikamwambia ainamishe kidogo. Kidogo tena. Kisha ile doa ya mwanga ikateleza juu ya kibao na maandishi yakatoka, yote kwa mara moja, na ukungu wake uleule mweusi ambao nilitaka kuuangamiza. Mtoto akapiga ukelele na kioo kikayumba. Ilibidi tuanze upya.

Ukoo wote ulijua kuwa mwenye kaburi alifariki mwaka 1312 Hijria, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la nyumbani. Tarakimu za Kiarabu za 2 na 3 ni ndugu: 2 ina pengo moja kichwani, 3 ina mawili, na jiwe likilika kidogo tu zinakuwa kitu kimoja. Mwanga wa kioo ulionyesha mapengo mawili, wazi, la pili lina kina cha unyoya wa kuku. 1313. Ukitaka kukisia mwaka wa Miladi, zidisha wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Hapa inaangukia 1895 au 1896. Mzee alitazama simu muda mrefu, akaivuta picha kwa vidole, akaingia ndani. Alitoka na lile daftari na kalamu.

Tangu siku hiyo kioo hakiachani na baiskeli. Angalieni tu msimulike mtu machoni, na kisilale juani juu ya majani makavu.

Mitaani sihitaji kioo, nahitaji adabu. Kuna mwarobaini karibu na kwangu ambao zamani mtu alifungia baiskeli kwa mnyororo. Baiskeli haipo, mnyororo upo, na gome limeumeza. Pete tatu zinaonekana, ya nne nusu, nyingine zimo ndani ya mti. Nimeupiga asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Na kuna kaburi la zamani uani kwa watu, ambalo kamba ya nguo inapita juu yake. Siku moja kulikuwa na kanga nyekundu imeanikwa na upepo umeijaza. Niliinua simu kabla ya kubisha hodi, nikasikia, "We nani, unapiga kaburi la nani?"

"Shikamoo bibi. Nisamehe, nilipaswa kuanza na hodi."

"Marahaba. Basi anza."

Nilirudi mlangoni nikabisha. Aliniacha nipige, kwa sharti moja, niitoe kwanza ile kanga yake. Picha niliyoitaka ilikuwa ni hiyo kanga. Niliitoa. Nyumba ni yake.

Tongoni ni kilomita kama 17 kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani, na ni mahali pa kale panapohifadhiwa, kwa hiyo lipeni kiingilio na muwe na mwongozaji. Makaburi yako kama arobaini kuzunguka magofu ya msikiti, mengi ya nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka. Hapo ndipo palipoitwa Mtangata zamani. Vasco da Gama alipita huku 1498, na mwaka uliofuata alichoma jahazi lake moja kwenye mafungu ya karibu kwa kukosa mabaharia. Wengi hupiga nguzo nzima na bahari nyuma. Mimi nawaomba msogee. Kuna mashimo ya duara ambamo zamani bakuli za kigeni zilipachikwa. Bakuli zimeng'olewa, lakini chokaa imebakiza duara la kitako cha chombo, na jua la saa kumi linalionyesha kama lilibonyezwa jana.

Picha nzuri husafishwa nakala mbili. Ya pili ni ya wenyewe, kabla sijamwonyesha mtu mwingine. Nilipompelekea mzee ya kwake, aliisimamisha juu ya baraza, akatia mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa. Kipande kile cha lipu kilikuwa bado kimo. Tuliinamia picha wote watatu tukatafuta kilipotoka, na mtoto ndiye aliyepaona, mstari wa pili, chini ya herufi ya ye iliyobaki bila nukta. Mzee akakiweka kipande juu ya kitambaa cheupe.

"Lete kioo," akamwambia mjukuu wake. "Na hiki akipige."