Mnunuzi asipouliza

Kazi yangu ni kununua magari ya mkononi yaliyochoka, kuyatengeneza na kuyauza tena hapa Dar es Salaam. Mengi ni Toyota ndogo kama IST, Vitz na Passo, ambazo vipuri vyake havikosekani Gerezani wala Kariakoo. Watu wengi hudhani kwamba utapeli katika biashara hii huanza pale muuzaji anapotamka uongo, lakini kwa niliyoyaona, uongo wa mdomoni ni mchache. Ulio mwingi hufanywa kwa spana na rangi kabla mnunuzi hajafika.

Tuchukue injini inayokula oili. Ringi za pistoni zikishachoka, injini hutoa moshi wa bluu, na sili za valvu zikifa moshi huo huonekana zaidi asubuhi gari linapowashwa. Fundi mwaminifu ataifungua injini na kubadilisha vilivyokufa. Mwingine atamwaga oili nyepesi, ajaze nzito ya 20W-50, kisha awahi kuliwasha gari ili mteja akute injini ina moto, na moshi utakaporudi kadi ya gari itakuwa imekwisha kubadilishwa jina TRA, mamlaka ya mapato. Kibaya zaidi ni taa ya mfuko wa hewa (airbag), ule unaomkinga mtu ajalini, kwenye dashibodi. Swichi inapofunguliwa, taa hiyo hupaswa kuwaka kwa sekunde chache na kuzima. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa makusudi kwa sababu mfuko wenyewe ulifyatuka kwenye ajali na haukurudishwa. Hapo si fedha tena inayochezewa, ni shingo ya mtu.

Gari lililozama nalo hufuliwa viti na zulia, likapuliziwa manukato hadi likanukia kuliko jipya, na kila masika yanapofurisha bonde la Msimbazi magari ya namna hiyo hayakosekani. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa maana tope hubaki kule ambako mfuaji hakufika, kisha inama utazame kutu kwenye bolti za reli za kiti.

Sina ugomvi na ukarabati, kwani ndio unaonilisha. Mlango uliobonyea ukanyooshwa, ukapakwa puti na kupigwa rangi si dhambi, mradi mnunuzi aambiwe kwamba uligongwa. Kwa sababu hiyo kila gari ninaloliuza lina karatasi yake, iliyoandikwa kilichobadilishwa, pamoja na risiti, na kilichoachwa kama kilivyo, na vipuri vya zamani nimevihifadhi kwenye boksi ili anayetaka avione. Dalali ninayefanya naye kazi hulalamika: "Bosi, mteja mwenyewe hajauliza, wewe unamwambia ya nini?" Mimi humkumbusha simulizi anayoijua tangu madrasa, ya Mtume aliyetia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta limelowa chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Muuzaji yule hakuwa ameulizwa na mtu.

Karatasi hiyo hunigharimu, kwa sababu mteja huipokea na papo hapo kuanza kunipunguzia bei kwa kasoro nilizomtajia mwenyewe. Wanunuzi nao wana sehemu yao ya lawama. Wapo wanaong'ang'ania namba ya usajili yenye herufi E na kuikataa ya D, wakati herufi ile huonyesha gari lilisajiliwa lini nchini wala si lilitengenezwa lini, na IST ya mwaka 2004 inaweza kubeba yoyote kati ya hizo. Wapo pia wasiotaka hata kuwasha gari lenye kilometa nyingi, ndiyo maana mafundi wa kurudisha kilometa hawakosi kazi. Mimi sizigusi. Mteja akishangaa kwamba gari langu linasoma 190,000 ilhali la jirani, la mwaka uleule, linasoma 80,000, humwonyesha raba ya pedali ya breki ilivyolika, kisha humwambia aende akaitazame na ya jirani kabla hajalipa popote.