Atatwaa

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Juzi alfajiri nilikuwa Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi. Mitumbwi ilikuwa imerudi, taa zimezimwa, akina mama wanamwaga dagaa mchangani. Pembeni msimamizi wa tajiri ameketi juu ya ndoo, daftari gotini. Kwanza akakata mafuta, kisha chakula, kisha deni la nyavu, ndipo wavuvi wakagawana kilichobaki. Kijana mmoja aliyekesha akichota maji mtumbwini alipewa kisado cha dagaa na kuambiwa deni lake bado lipo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa maji, vimekunjamana kama vya mzee.

Nikakumbuka somo letu, 1 Samweli 8. Israeli wanadai mfalme, na Samweli anawaeleza kazi yake: atawatwaa wana wenu, atawatwaa binti zenu, atatwaa mashamba yenu. Hesabuni wenyewe neno hilo linarudi mara ngapi.

Wapo Wakristo walioisoma sura hiyo wakasema basi, mfalme wetu ni Mungu, hatuhitaji mwingine. Mwandishi Tolstoy wa Urusi alifika huko: aliona kwamba dola yoyote husimama juu ya upanga, na Yesu alikataza upanga. Dorothy Day na Peter Maurin, Wakatoliki wa Marekani, walianza na tumbo la mwenye njaa. Tarehe 1 Mei 1933, New York ikiwa imejaa wasio na kazi, walitoa gazeti la kuuzwa senti moja, kisha wakafungua nyumba za kuwapokea wasio na makao. Hawakungoja serikali. Maurin alitaka kila nyumba ya Mkristo iwe na chumba cha Kristo, yaani cha mgeni maskini.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, yeye alishika serikali ili izuie unyonyaji. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll, Marekani, kwamba Kanisa lisiposhiriki kuiasi mifumo inayowatia watu umaskini, dini yetu itageuka ushirikina wa waoga. Maneno hayo nayapenda kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Lakini miaka michache baadaye watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, na wazee wetu wanakumbuka nyumba zilizobomolewa. Hapo neno la Samweli lilirudi, hata kwa nia njema.

Waumini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, wala hapakuwa na mhitaji kati yao (Matendo ya Mitume 4). Ila msiruke sura ya 5. Petro anamwambia Anania, aliyeuza shamba akaficha sehemu ya fedha: shamba lilikuwa lako, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa mkononi mwako. Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake ni uongo. Kwa hiyo naamini ushirika wa mali hauletwi na askari, na pia hauji wenyewe kwa kusubiri viongozi wawe wema. Unaanzia kwa mwenye daftari.

Na mimi ninalo. Kuna vijana watatu niliowakopesha nyavu, na kila giza la mwezi, msimu wa kuvua dagaa, nakata kwanza changu, hata wakirudi na nusu ndoo. Nimewahi kumlaani mtoza ushuru mbele yao huku kalamu iko mkononi mwangu.

Jumamosi tukikutana kusali, nitakuja na daftari hilo, na vijana nimewaalika. Wenye mitumbwi na nyavu, njooni na ya kwenu. Tutasoma Yakobo 5:4 kwanza, juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, kisha tutafungua hesabu.