Popo kwenye kikao

Jana mtoto kaja na daftari lake kaniuliza, "Baba, hivi 'right off the bat' ndo popo karuka?" Nikacheka mpaka akanuna, maskini hajui kagusa kidonda.

Si mnajua zile siku nilizokuwa nakalimani kwa kubahatisha, Kiingereza chenyewe cha kwenye muvi. Siku moja kwenye kikao chenye mgeni wa Kiingereza, mkalimani kaugua, mimi na kiherehere changu nikasema naweza. Mgeni akashika maiki, akatabasamu, akasema, "Right off the bat, I want to thank you all." Sasa hapo kila neno nikilichukua peke yake nalijua, na bat si popo huyo jamani, na watu wote macho kwangu, basi nikajisikia natamka kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Moja kwa moja kutoka kwa popo, anawashukuru nyote."

Kimya. Feni tu ndo inasikika. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaangalia dari taratibu, kona hii, kona ile, akavua miwani, akaifuta na shati, akavaa, akaangalia tena. Halafu akanyoosha shingo kwangu, "Mwanangu, huyo popo kaingilia wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Na mgeni naye akacheka, sijui alidhani kachekesha nini.

Yaliyobaki nilimaliza na jasho, siyakumbuki vizuri na wala sitaki.

Baadaye ndo nikaja kujua mambo yenyewe ni ya besiboli, ya Wamarekani tangu karne ya 19, bat ni lile gongo la kupigia, mpira ukigongwa tu unafyatuka, kwa hiyo maana yake papo hapo, mwanzoni kabisa. Ningesema "kwanza kabisa" yangeisha, maneno mawili tu! Halafu usiichanganye na "from the get-go", yaani tangu mwanzo, hiyo unaweza kuiburuza tangu siku ya kwanza mpaka leo, hii ya gongo inaishia pale pale mpira unapochomoka. Na zote ni za mdomoni, kwenye barua rasmi mimi nazikwepa (kwingine pia nazikwepa, tuseme ukweli).

Nikamweleza mtoto yote hayo, gongo, mpira, nikaonyesha mpaka na mikono. Akaitikia, akarudi kuandika. Baadaye nikachungulia daftari: kachora popo, kashika gongo. Sikumfutia.