Kitanda cha Ukumbini

Kitanda cha Babu kilikaa ukumbini, baina ya mlango wa mbele na mlango wa uani. Kila aliyekwenda chooni usiku alipita miguuni pake. Siku za hitima wageni walikikalia, na sisi watoto tulifanyia kazi za skuli hapo hapo, naye akijikunja pembeni kutupisha.

Hakuwa babu yetu wa damu. Alivuka kutoka Unyamwezini akiwa kijana, akaja kuchuma karafuu Pemba, kisha akawa mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, Unguja, pamoja na babu yetu mzaa mama. Babu yetu alipofariki, mwenzake akabaki nasi Mwembetanga. Aliwahi kuoa, mtoto hakujaaliwa.

Pensheni Jamii, ile ya wazee wote inayolipwa na Serikali ya Zanzibar, ilipoanza, Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, Babu alirudi nazo mkononi akamkabidhi mama zote. Ikawa ndiyo desturi. Mama aliona ni heshima kubwa anayofanyiwa. Kumbe sanduku la bati la mzee halikuwa na kufuli, na sukari guru aliyokuwa akiificha humo ilikuwa ikiliwa na mimi na kaka yangu. Yeye alijua siku zote, wala hakutusemea.

Masika ya mwaka uliofuata, huku akikoroga chai, akamwambia mama kwamba anataka kwenda Sebleni, kwenye nyumba za wazee. Mama akaangua kilio, na kwa kweli sehemu kubwa ya machozi yale ilikuwa ya majirani. "Watasema nimemtupa mzee wa watu," alimwambia baba usiku ule chumbani, na Babu akisikia kila neno, maana ukuta wa chumba chao ndio aliouegemeza mto wake.

Pagumu palikuwa kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu. Tulitaka barua ya kumpeleka kwa watu wa ustawi wa jamii, na sheha alianza na swali moja tu: mzee ana jamaa wa kumtunza?

"Anaye," mama akasema. "Mimi."

Sheha akaweka kalamu chini. "Sasa dada yangu, niandike nini?"

"Andika sina," Babu akaingilia. Kisha akamgeukia mama, sauti imeshuka. "Usinune, mwanangu. Wewe umenilea kwa hiari yako. Hakuna aliyekulazimisha."

Njia nzima ya kurudi mama hakusema neno. Barua ilitoka, afisa akaja kumwona mzee nyumbani, mambo ya ofisini yakaenda kama yaendavyo.

Siku ya kuhama tulibeba mkeka, birika na lile sanduku, tukapanda daladala. Sebleni, mzee mmoja aliyekuwa barazani akipepea jiko la mkaa alimuuliza Babu ametokea wapi. Babu akasema Mwembetanga. "Siulizi hapo," akasema yule mzee. Babu akataja kwao. Mwenzake akaweka kipepeo chini: "Mwangaluka!" Babu akasimama kimya kama aliyesahau jina lake, halafu akajibu, na wakaanza kusemezana kwa lugha ambayo sisi, tuliokula naye sahani moja miaka yote ile, hatukuwahi kuisikia kinywani mwake. Mama alibaki na birika mkononi.

Baadaye mfanyakazi wa pale akamwonyesha chumba chake na kumpa ufunguo. Babu akamwomba mama uzi, akauvaa shingoni.

Ijumaa ya pili tulimpelekea pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mama akausukuma kwa kiuno, mikono imejaa, kama alivyozoea kupita ukumbini kwetu. Babu alikuwa kitandani, ufunguo kifuani juu ya fulana. Hakutabasamu.

"Hodi siku hizi haipo?"

Mama akacheka, akidhani ni utani. Babu akaendelea kumtazama. Basi mama akarudi nyuma, mimi nyuma yake, akaufunga mlango taratibu.

"Hodi."

Kimya. Tukasikia kitanda kikilia, kiti kikiburutwa, mtu akikohoa.

"Hodi, baba."

"Karibu," akajibu, bila haraka.